Simu ya Bi Hafsa Mikononi mwa Mtani

SEHEMU YA TISA

Haipo!

Meza ya kona ilikuwa tupu. Kitambaa cha kufuma kilikuwepo, daftari la wateja lilikuwepo, hata alama ya mraba ambayo simu iliiacha juu ya mbao kwa miaka ishirini na sita ilikuwepo. Simu yenyewe, ile nyekundu ya mezani, haikuwepo.

Wiki nzima umekaa na meza hiyo kichwani, msomaji, na lawama zako zimefika. Basi tusipotezeane muda, maana Bi Hafsa mwenyewe hana muda. Saa ya ukutani inasema saa tano na dakika ishirini.

"Mama, simu iko wapi?" aliuliza Raymundi, fundi wa kampuni ya simu, akiwa amesimama mlangoni na kisanduku cheupe kwapani.

"Ilikuwa hapa!"

"Ilikuwa hapa lini?"

"Sasa hivi! Nimetoka kukufungulia geti, nimerudi, haipo!"

Raymundi alikuwa kijana mpole wa Ulyankulu, aliyelelewa kutobishana na watu wazima. Akashusha ngazi yake, akashusha kisanduku, akasema taratibu:

"Mama, nisikilize. Nyaya za shaba za mtaa huu zinazimwa leo saa sita kamili. Kila namba naijaribu kwanza kwenye laini ya zamani. Simu inaita, mwenyewe anapokea, ndipo naihamishia kwenye nyaya mpya za faiba. Namba isiyoita kabla ya saa sita inafutwa."

"Inafutwa?"

"Inafutwa, mama. Halafu anapewa mtu mwingine."

Bi Hafsa akakaa kwenye kiti cha cherehani bila kuangalia kama kuna pini.

Mwanamke huyu ana miaka arobaini na tisa. Ni Mnyamwezi wa hapa hapa Chemchem, Tabora, fundi wa nguo, mjane wa mwaka wa nane. Wateja wake wa Igunga na Urambo wote wanayo namba yake ya mkononi, kwa hiyo usidhani anawalilia hao. Anamlilia mtu mmoja tu. Mtu huyo angepiga leo saa sita na robo, kwenye namba ile ile ya mezani, kwa sababu namba nyingine ya Hafsa hana. Na hapo Chemchem hakuna aliyejua habari zake.

"Nimeibiwa," alisema Hafsa.

"Tuwapigie polisi?"

"Kwa simu ipi?"

Humo ndani kulikuwa na kitu kinalia: pi, pi, pi. Hafsa alidhani ni mkoba wa vifaa wa Raymundi. Raymundi alidhani ni cherehani ya Hafsa. Hakuna aliyeuliza, na sisi pia tukiache kwanza.

Kwa maana uwani palipasuka kilio.

"Uuuwi! Ametutoka! Msemaji wetu ametutokaaa!"

Hafsa aliruka, akatoka mbio. Uwani, katikati ya wateja wanne waliokuja kuchukua sare za harusi, alikuwa Tatu. Amejifunga khanga ya msibani kichwani, analia bila chozi hata moja, na mikononi amepakata kitu kilichoviringishwa kwenye mtandio.

Kutoka kwenye mtandio ulikuwa unaning'inia waya mwekundu uliojikunja.

"Tatu!"

"Wifi yangu!" alilia Tatu. "Pole na msiba! Marehemu alikuwa na maneno mengi, lakini hakuwa na ubaya!"

Wateja wakaangua kicheko. Bi Maua, mkubwa wao, alishika ubavu.

Usimlaumu Tatu. Yeye ni Mgogo, na Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakipita Ugogo na pembe za ndovu mabegani, koo zimekauka, wakibembeleza maji. Mtani ana haki zake. Anaweza kukuita mke wake mbele ya mumeo. Anaweza kulia matanga ya kuku wako. Anaweza kukamata kitu chako siku unayokihitaji kuliko siku zote, nawe huna ruhusa ya kununa wala kukinyakua. Unakikomboa kwa kile anachotaka.

Na Hafsa mwenyewe si malaika. Mwaka jana alikamata sufuria ya mlenda ya Tatu, wageni kutoka Dodoma wakiwa wamekwisha nawa mikono, akamchezesha ngoma uwani nusu saa nzima. Tatu alicheza, akacheka, akameza hasira, akahesabu siku.

"Tatu, leo siyo siku yake," alisema Hafsa. "Nipe simu. Fundi anangoja. Namba inafutwa saa sita."

"Ndiyo maana nimeikamata leo. Ningeikamata kesho ingekuwa na faida gani?"

"Unataka nini? Khanga? Gauni? Nitakushonea gauni la shingo pana, kesho asubuhi."

"Gauni ninalo."

"Kuku?"

"Kuku wako wamekonda, wifi."

Wifi! Miaka mitatu Tatu alikuwa akimwita hivyo kwa utani, tangu alipohamia nyumba ya mlango wa buluu iliyo mkabala, yeye na kaka yake Selemani, gadi wa treni mstaafu. Huyo kaka alikuwa kituko cha mtaa kwa namna yake. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema zaidi ya "ehe". Akikutana na mtu aliinua mkono juu, kana kwamba bado anapunga bendera ya kijani, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

"Basi sema unachotaka," Hafsa alisema. "Upesi."

Tatu akaacha kulia. Akaipakata simu vizuri, akatazama kushoto, akatazama kulia, akahakikisha wateja wote wanasikia.

"Kila Ijumaa kabla ya swala unafunga dirisha lako la barabarani. Mashine inanyamaza. Halafu naanza kukusikia unacheka. Unacheka hadi unakohoa. Mimi najiuliza, huyu mjane anacheka na nani? Nataka jina la mtu huyo. Hapa, mbele ya mashahidi."

"Eeeh!" wakaitikia wateja.

Uso wa Hafsa ukawaka moto.

"Saa tano na dakika thelathini na tatu," alisema Raymundi kutoka mlangoni, kwa upole.

"Simjui jina," alisema Hafsa.

"Haya, msiba unaendelea. Uuuwi!"

"Wallahi simjui jina! Namwita Mtani!"

Kilio kikakatika.

"Mtani?" aliuliza Tatu. "Mtani wa kabila gani?"

"Mgogo," Hafsa alinong'ona.

Ungewaona wale wanawake! Bi Maua alikaa chini kwenye kapu la vitambaa. Mmoja alipiga kigelegele, mwingine akamziba mdomo ili asikose neno linalofuata. Tatu alikuwa ameduwaa na simu mikononi, na furaha imemjaa hadi masikioni.

"Mgogo wa kwetu! Wa wapi?"

"Sijui. Manyoni nadhani. Kila akipiga nasikia honi ya treni nyuma yake."

"Mmejuana vipi?"

"Alipiga miaka mitatu iliyopita, alitoa namba kwenye kibao cha kazi yangu. Alitaka kanzu. Nikasikia lafudhi, nikamwambia kanzu ya Mgogo nashona bila mifuko, kwa kuwa hana cha kuweka. Akanijibu. Nikamjibu. Kanzu yenyewe mpaka leo hajaniambia urefu."

"Na namba yake?"

"Sina! Niliona aibu kuiomba, na simu yangu hii haionyeshi. Mwanamke mwenye heshima zake anaomba namba ya mwanamume?"

"Haombi!" wakajibu wateja kwa pamoja.

"Sasa leo kuna nini hasa?" Tatu alisogea. "Usinifiche. Nakufahamu. Leo umejipaka wanja."

Saa tano na dakika arobaini na moja. Hafsa alitazama saa, akatazama ule waya mwekundu, akaona hakuna pa kukimbilia.

"Ijumaa iliyopita ameniambia anataka kunioa," alisema. "Nikacheka. Wewe ungefanyaje? Mtani akikuambia anakuoa si ndiyo salamu yake? Nikamwambia mahari alete magunia mawili ya ubuyu na Mgogo mmoja wa kunipepea. Hakucheka. Akanyamaza, Tatu, mtu ambaye hajawahi kukosa jibu. Halafu akasema, 'Sitanii. Nitapiga Ijumaa saa sita na robo. Ukisema ndiyo, nakuja kuposa. Usipopokea, au ukinikatia simu, nitajua umekataa. Napanda treni ya mchana, narudi kwa watu wangu, na hutanisikia tena.'"

Hakuna aliyecheka sasa. Kutoka ndani kile kitu kiliendelea: pi, pi, pi.

"Na wewe?" Tatu aliuliza.

"Mimi nini?"

"Jibu lako ni lipi?"

"Hilo nitampa mwenyewe."

"Basi hukomboi."

"Tatu!"

"Nimetaka jina, hukuwa nalo. Deni hilo linalipwa kwa jibu."

Raymundi alikohoa. "Saa tano na dakika arobaini na sita, mama. Na kuunganisha tu ni dakika tano."

Miaka minane Hafsa alikuwa amekaa na moyo wake kwa adabu, akiupeleka kazini, akiurudisha, akiulaza. Watu wa mtaa walimsifu kwa utulivu. Sifa hizo zote alizitupa uwani pale pale.

"Nampenda!" alifoka. "Nampenda hata sijui sura yake! Ijumaa moja alichelewa kupiga kwa dakika kumi, nikashona mkono wa gauni shingoni! Nitakubali, nitakubali, nitakubali! Umeridhika? Nipe simu yangu!"

Vigelegele vilivyolipuka viliwatoa kuku kwenye vivuli vyao. Tatu akapiga magoti, akaitoa simu kwenye mtandio, akaikabidhi kwa mikono miwili.

"Marehemu amefufuka," alisema. "Mchukue, wifi. Mgogo akikuoa, miye nitakuwa wifi yako wa kweli, hata kama ni ndugu wa mbali."

Kumbuka maneno hayo, msomaji.

Wote wakaingia ndani kwa kusukumana. Raymundi alilala chini ya meza akiunganisha waya, wanawake watano wakimwinamia na kumshauri kazi asiyoijua hata mmoja wao. Hafsa alikaa mbele ya simu, mkono juu yake, macho yamefumbwa. Saa tano na dakika hamsini na tatu. Hamsini na nne.

Kriiing!

Hafsa hakuangalia saa. Hakukumbuka jaribio. Alisahau hata kwamba kuna fundi chini ya meza. Alinyakua mkono wa simu na maneno yakamtoka yote kwa mkupuo:

"Nakubali! Nakubali kwa moyo wangu wote, na usinichekeshe leo, maana nitalia!"

Upande wa pili sauti ya binti, ya kikazi kabisa, ikasema:

"Habari za mchana. Naitwa Julieth, kutoka chumba cha mitambo. Nilikuwa nataka kujua kama unanisikia."

Wateja walianguka vicheko kwa zamu. Bi Maua alitoka nje akarudi, akatoka tena.

"Nakusikia, mwanangu," alisema Hafsa, akijifuta jasho.

"Na umekubali namba ihamishwe?"

"Nayo nimeikubali."

Raymundi akachomoka chini ya meza, vumbi puani, akitabasamu. Akakata waya wa zamani, akachomeka simu nyekundu kwenye kisanduku cheupe, na pembeni akaweka kisimu kingine kidogo chenye kioo, zawadi ya kampuni kwa kila aliyehama. Kisanduku kikawasha taa ya kijani. Saa sita kamili, waya wa shaba wa mtaa ulikufa, na namba ya Bi Hafsa ilikuwa hai.

"Mwanangu, Mungu akubariki," Hafsa alisema. "Kuna jingine?"

"Moja dogo. Laini ya zamani ilikuwa inaleta umeme wake yenyewe kwenye waya. Hii inakula umeme wa nyumbani. Kuna betri ya akiba, ila nitakuletea Jumatatu."

"Jumatatu sawa," alisema Hafsa, ambaye kwa wakati huo angeambiwa nyumba inahama angesema sawa pia.

Walikaa kungoja. Hakuna aliyeondoka. Wateja walikuwa wamesahau sare, Tatu alikuwa amesahau ugali wa kaka yake jikoni. Saa sita na dakika kumi. Na kumi na mbili. Honi ya treni ikalia stesheni, Hafsa akashtuka, akajishika kifua.

Saa sita na robo.

Kriiing!

Simu zote mbili ziliita pamoja, nyekundu na ndogo. Kioo cha ile ndogo kikawaka na namba ikajitokeza. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, Mtani alikuwa na namba!

"Isome! Isome!" alisema Bi Maua.

Tatu aliinama akaanza kusoma kwa sauti. Alifika katikati akaacha. Akarudi mwanzo. Midomo ikaendelea kusogea lakini sauti haikutoka.

"Tatu?" Hafsa aliuliza.

"Namba hii naijua."

"Ya nani?"

"Imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba. Huwa naiona nikifagia."

"Chumba cha nani?"

"Cha kaka," alisema Tatu. "Selemani. Ni simu ya kwetu."

Kriiing!

"Hiyo ndiyo nyumba niliyoanza nayo asubuhi," alisema Raymundi, naye ametoa macho. "Yule mzee wa mlango wa buluu. Aliniuliza mara tatu kama ninakuja na kwako, mama."

"Amefunga begi tangu jana," Tatu alisema, akijiongelesha mwenyewe. "Nikamuuliza unaenda Dodoma? Akasema huenda niende, huenda nisiende. Eti inategemea simu. Kaka yangu, ambaye kusema 'ehe' ni hotuba!"

Kriiing!

Hafsa alikuwa amesimama. Dirisha la barabarani, lile analolifunga kila Ijumaa, alilifungua. Ng'ambo ya barabara, hatua thelathini, mlango wa buluu ulikuwa umefungwa, na pazia la dirisha lilikuwa limesogezwa kidogo.

Manyoni! Treni aliyoisikia nyuma ya sauti yake miaka yote ilikuwa treni ya Tabora, ikilia kwenye simu na dirishani kwa wakati mmoja, na yeye aliona ni kizunguzungu cha mapenzi.

Akapokea.

"Hujambo, mtani?" ilisema sauti ile, nzito, yenye kicheko kilichofichwa chini.

"Sijambo. Uko wapi?"

"Mbali kidogo."

"Huko mbali, mlango wenu una rangi gani?"

Pazia la ng'ambo likatikisika.

"Wa buluu," alisema Selemani.

"Miaka mitatu!" Hafsa alifoka, na hakujua kama anafoka au anacheka. "Miaka mitatu unaniona naanika nguo, nachota maji, nafukuza kuku, na hata salamu hunipi!"

"Nilikuwa nainua mkono."

"Mkono! Mimi nataka mkono?"

"Kwenye simu ulikuwa unacheka," sauti ilisema, na sasa kile kicheko cha chini hakikuwepo. "Barabarani ulikuwa hucheki. Unapita umeinamisha kichwa, una huzuni. Nikaogopa. Nikaona nikivuka barabara nitakuta yule wa huzuni, na yule anayecheka atapotea. Mimi kazi yangu ilikuwa kupuliza filimbi na kupunga bendera, Hafsa. Maneno nimeyajulia kwako."

Tatu alikuwa ameweka khanga mdomoni. Bi Maua alikuwa analia waziwazi.

Hafsa alifuta wanja uliokuwa unashuka. Hasira ilimpanda hadi kooni, ikafika hapo, ikageuka furaha.

"Selemani," alisema, na jina lilikuwa geni na tamu mdomoni. "Nisikilize vizuri. Leo sitanii hata kidogo. Jibu langu ni hili."

Akavuta pumzi.

Pumzi hiyo, msomaji, ilikuwa ndefu mno.

Piiiiiii! kikalia kile kitu cha tangu asubuhi, kwa mkupuo mmoja, kikanyamaza. Feni ya darini ikapunguza mwendo, ikasimama. Kisanduku cheupe kikazima taa yake ya kijani. Sikioni mwa Hafsa hapakuwa na sauti ya mtu wala mlio wowote.

"Umeme!" alisema Raymundi.

"Mbona redio ya dukani inaimba?" alisema Bi Maua. Na kweli, redio ya duka jirani ilikuwa inaendelea bila wasiwasi.

Tatu ndiye aliyegeuka kutazama mita ukutani, nyuma ya mlango.

"Luku!" alipiga yowe. "Wifi, Luku imeisha! Ndiyo iliyokuwa inalia pi, pi, pi!"

Pasi ilikuwa imewaka tangu alfajiri kunyoosha sare za harusi. Uniti za mwisho zilikwenda kwenye kola ya bwana harusi.

"Nanunua! Nanunua sasa hivi!" Bi Maua alikuwa tayari na simu yake ya mkononi, miwani juu ya paji la uso, akibonyeza. "Namba ya mita nisomeeni! Taratibu! Nimekosea!"

"Tatu, mpigie kaka yako simu ya mkononi!"

"Ile ya tochi? Anaizima akiwa na safari, chaji isiishe!"

Na ng'ambo ya barabara mlango wa buluu ukafunguka.

Selemani alitoka. Amevaa koti lake la zamani la reli, vifungo vyote vimefungwa, na mkononi ana begi la kahawia. Mwanamke amemwita jina, amevuta pumzi, halafu amemkatia simu. Jibu lilikuwa wazi, na yeye ni mtu wa kushika ratiba. Akafunga mlango. Bajaji iliyokuwa inamngoja ikawashwa.

Hafsa alijitoa dirishani hadi kiunoni.

"Nakubali!" alipiga kelele. "Selemani! Nakubali!"

Na hapo ndipo ilipotokea balaa ambayo isingetokea popote ila kwetu. Barabara ilikuwa imejaa watu, wanaokwenda msikitini, wa sokoni, wauza karanga, na kila mmoja alimjua Bi Hafsa na kila mmoja aliijua nyumba ya Wagogo. Mnyamwezi anamwita Mgogo kwa sauti kubwa, anamwambia amekubali kuolewa! Wakacheka. Mwuza karanga akaitikia, "Na mimi nakubali!" Wanafunzi wakadakia, "Nakubali, nakubali!" Mtaa mzima ukaingia kwenye utani kwa nia njema kabisa.

Selemani aligeuka, akawaona wanavyocheka. Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyezoea kuachwa stesheni.

"Kaka! Ni kweli!" Tatu alipiga yowe karibu na sikio la Hafsa. "Anasema kweli! Mimi shahidi!"

Lakini Tatu huyu ndiye aliyewahi kuutangazia mtaa kwamba Bi Maua amefariki, Bi Maua akiwa amesimama pembeni yake. Nani angemwamini? Selemani akainua mkono juu, kama kawaida yake, akaingia kwenye bajaji.

Hafsa alibaki ameshika mkono wa simu nyekundu, waya umeng'oka na kuning'inia. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amesema jambo la kweli kwa mtani, kwa sauti yake yote, na dunia ilikuwa imecheka.

Tatu tu ndiye ambaye hakucheka. Alimshika bega.

"Wifi," alisema, na safari hii neno lilitoka polepole, halina mchezo ndani yake. "Wifi yangu, kimbia."

"Raymundi!" Hafsa aligeuka. "Umekuja na nini?"

"Na pikipiki, mama."

"Washa."

Waliondoka ngazi ikiwa imefungwa ubavuni, mkoba wa vifaa ukigonga, Hafsa hana viatu, ushungi unapepea, simu nyekundu kwapani kwa sababu hakukumbuka kuiacha. Watu walipisha wakishangilia. Mwuza karanga alirusha kofia juu.

"Twende stesheni!" Hafsa alimwambia Raymundi sikioni. "Treni haijaondoka! Tutamwahi!"

Bajaji ilikuwa mbele yao, mita mia moja, sabini, hamsini. Kupitia kidirisha cha nyuma Hafsa aliliona koti la reli. Aliona hata begi la kahawia magotini. Alianza kucheka, kile kicheko cha Ijumaa, kikubwa, cha kukohoa, hadharani na dirisha wazi.

Kona ya kwenda stesheni ikafika.

Bajaji haikukata kona.

Ilipita moja kwa moja, ikaongeza mwendo kuelekea Ntalikwa, na mkono wa Selemani ukatoka ubavuni. Safari hii haukuinuliwa kwa salamu. Ulikuwa umeshika bendera nyekundu ya gadi wa treni, na ulikuwa unaipunga kwa nguvu, kumsimamisha mtu fulani aliyekuwa mbele yake barabarani. Nani? Hilo ni la wiki ijayo, msomaji.